Kuumwa na mbwa: maswali tunayoulizwa kila wiki, Kisumu hadi Nakuru

Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la wagonjwa wa nje, baraza la chifu, stendi ya boda boda na simu za usiku. Kazi yangu ni kufuatilia magonjwa upande wa Kisumu, bega kwa bega na wenzetu wa mifugo, na mara nyingi tunapigiana simu na wa Nakuru, Siaya na Kakamega kwa sababu mbwa hajui mpaka wa kaunti. Nimeyapa maswali nambari ili nisirudie maneno: ukiona "tazama 10", ruka hadi 10. Kama umeumwa leo, achana na haya mengine na uende moja kwa moja nambari 4.

## Ya kuanzia

1. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa gani hasa?

Ni virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama aliyeambukizwa na kuingia mwilini kupitia jeraha. Havikimbii kwenye damu. Hupanda polepole kwenye neva, kutoka mguuni au mkononi hadi kwenye ubongo, na huo upole wao ndio nafasi pekee tuliyo nayo: chanjo ikiwahi, kinga ya mwili hufika kabla yao. Vikishafika ubongoni na dalili zikaanza, hakuna dawa. Waliopona duniani kote ni wachache mno.

Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kwa mwaka, na karibu visa vyote hutokana na mbwa. Makadirio ya Kenya hufikia watu 2,000 kwa mwaka. Nasema makadirio kwa sababu wengi hufia nyumbani, wanazikwa, na hakuna daftari lililowahi kuandika jina lao.

2. Mtu akiumwa, dalili huanza baada ya muda gani?

Mara nyingi miezi miwili au mitatu. Wengine wiki moja tu, wengine zaidi ya mwaka. Jeraha la usoni au kichwani huenda haraka kwa kuwa safari ya kufika ubongoni ni fupi, na ndiyo maana watoto wadogo hututia hofu: kimo chao kinalingana na mdomo wa mbwa.

Mwanzo ni homa na kuwashwa au kuchomachomwa pale kidonda kilipopona. Kisha mgonjwa hushtuka akionyeshwa kikombe cha maji, koo linakaza, hata upepo wa dirishani unamsumbua. Lakini wako wanaopooza kimyakimya bila fujo yoyote. Hawa ndio hupotea. Kanda ya ziwa tumezoea malaria, basi familia husema "malaria imepanda kichwani", au wanaenda kwa mganga wakidhani amerogwa.

3. Mbwa mwenye kichaa nitamjuaje?

Usisubiri povu. Angalia mabadiliko: mpole amekuwa mkali, au mkali ghafla anajipendekeza kwa kila mtu. Sauti ya kubweka inakwaruza, taya linaning'inia, mate yanachuruzika, anatafuna mawe na vijiti, anatembea mbali na kwao bila shughuli. Wengine hujificha chini ya ghala na hawataki mwanga. Kisha kuna hili linalosahaulika: virusi huwa kwenye mate siku chache kabla dalili hazijaonekana. Mbwa mzima wa leo anaweza kuwa mgonjwa wa Ijumaa. Tazama 10.

## Siku ya kuumwa

4. Nimeumwa sasa hivi. Nifanye nini?

Osha. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha. Kama hakuna bomba, mtu akumiminie kwa jagi. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo weka saa. Karibu kila mtu huacha baada ya mbili. Ukimaliza paka ayodini au spiriti kama ipo. Usikaze kitambaa, wala usikubali mtu akushone hapo nyumbani.

Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni kidonda kidogo cha jino moja. Kabla hujapanda boda, mwachie mtu kazi ya kujua mbwa ni wa nani na ameelekea wapi. Usimfukuze wewe mwenyewe.

5. Na zile dawa za nyumbani?

Nimeona vidonda vimepakwa pilipili, majivu, mafuta taa, kahawa, na manyoya ya mbwa yuleyule yaliyochomwa. Hakuna kimojawapo kinachoua virusi hivi. Vingine huchubua nyama na kuvisukuma ndani zaidi, na vyote hula muda. Kama umeshapaka, usione haya kusema. Muuguzi ataosha upya.

6. Niende hospitali gani?

Zahanati nyingi zitakuosha kidonda na kukuandika, lakini chanjo mara nyingi hupatikana hospitali za kaunti ndogo na zile kubwa, kwa mfano Jaramogi hapa Kisumu (wenyeji bado wanaiita Russia) au hospitali ya rufaa ya Nakuru. Mpigie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako aulize kwanza kama ipo, ili usimalize nauli kwa kuzunguka.

Ukiambiwa imekwisha, usirudi nyumbani kungoja. Omba mambo mawili: uandikwe kwenye daftari, na uelekezwe kwa maandishi pahali pengine. Sababu ya la kwanza iko nambari 15.

7. Ni kweli ni sindano 21 za kitovuni?

Ilikuwa karibu hivyo kwa wazee wetu. Chanjo za zamani zilitengenezwa kutokana na ubongo wa wanyama, na mtu alidungwa tumboni mara 14 hadi 21. Hadithi hiyo imekataa kufa, na kila mwaka nakutana na mtu aliyejificha kwa sababu yake.

Siku hizi hudungwa kwenye bega, na mtoto mdogo kwenye paja. Ratiba iliyozoeleka ni sindano tano: siku ya kwanza (sisi huiita siku ya 0), ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Kuna ratiba fupi zaidi zinazokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, zikiwemo za kudunga ndani ya ngozi yenyewe kwa dozi ndogo. Fuata kadi utakayopewa. Usilinganishe na ya jirani.

8. Nilidungwa sindano ya pepopunda. Si imetosha?

Hapana. Hiyo ni ya pepopunda, na ni muhimu kivyake, lakini haizuii kichaa cha mbwa. Swali hili lingekuwa la kwanza kama ningepanga kwa wingi wa wanaokosea. Soma kadi yako. Kama haina tarehe za kurudi, rudi leo uulize.

9. Kuna dawa nyingine ya kudungwa ndani ya kidonda?

Ndiyo, imunoglobulini. Ni kinga iliyo tayari, inayoshika doria wakati mwili unatengeneza yake kutokana na chanjo. Hupewa walio na majeraha yaliyopasua ngozi, hasa ya kichwa, shingo na mikono, na hudungwa kuzunguka kidonda chenyewe. Ni adimu na ni ghali. Isipopatikana siku ya kwanza, bado inaweza kutolewa ndani ya siku 7 tangu sindano ya kwanza ya chanjo. Baada ya hapo mwili umeshaanza kujitengenezea. Kukosekana kwake si sababu ya kuchelewesha chanjo, wala ya kupunguza dakika za kuosha.

## Mbwa mwenyewe

10. Mbona mnasema tusimuue? Si ameuma mtu?

Kwa sababu akiwa hai anatueleza kitu. Mbwa au paka akiwa na virusi kwenye mate siku aliyokuuma, atakuwa ameugua au amekufa ndani ya siku 10. Akifungwa, akapewa chakula na maji kwa mbali, na siku ya 10 yuko mzima anakula, basi hakukuambukiza. Kufikia hapo utakuwa umedungwa siku ya 0, ya 3 na ya 7, na daktari anaweza kuzisimamisha zilizobaki. Hizo sindano mbili zinamfaa mtu mwingine.

Chanjo haingoji siku 10 ziishe. Unaanza leo, mbwa anaangaliwa, vyote viwili kwa pamoja. Hapo ndipo watu huchanganya.

11. Umati ulishampiga mawe. Sasa?

Msimzike haraka wala kumtupa mtoni au jalalani. Mpigieni afisa wa mifugo wa wadi. Ugonjwa huthibitishwa kwa kupima ubongo, kwa hiyo kichwa kisipondwe wala kuchomwa. Mtu mwingine asikiguse kwa mikono mitupu, na asijitokeze shujaa wa kukikata kwa panga: mate na ubongo ni hatari vilevile. Afisa atakifunga na kukipeleka kwenye barafu. Nakuru ina maabara ya kanda ya uchunguzi wa mifugo, nyingine ziko Eldoret na Kericho, na ile kuu iko Kabete.

12. Mbwa ni wa jirani. Nikiripoti si nitaleta vita?

Hili ni zito kuliko sayansi yote iliyo juu. Nimewahi kukaa kwenye uga mmoja saa nzima, mtoto ana kidonda cha pajani, na familia mbili zikiapa kwamba hakuna mbwa. Mwenye mbwa aliogopa kulipishwa matibabu. Mwenye mtoto aliogopa kukosa maji ya kisima cha jirani.

Ushauri wangu: tumia mtu wa tatu. Mzee wa kijiji, wa nyumba kumi, au mhudumu wa afya ya jamii anaweza kusema "tunataka kumwangalia mbwa siku 10" bila neno la fidia. Mwambieni mwenye mbwa ukweli unaomgusa yeye: kama mbwa ni mgonjwa, anayelala karibu naye zaidi ni watoto wake. Akikataa kabisa, iko Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na afisa wa mifugo ana nguvu ya kuingilia. Mambo ya fidia yasubiri.

13. Mbwa wangu amechanjwa na cheti kipo. Bado ameuma mtu. Je?

Cheti kinapunguza hatari sana ila hakiifuti. Aliyeumwa aoshe na aende hospitali na nakala ya cheti. Mbwa aangaliwe siku 10 kama wengine. Chanjo ya mbwa hurudiwa kila mwaka, na wengi wetu tuna cheti cha mwaka juzi. Kanuni inayotumika duniani ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ndipo ugonjwa ukose pa kurukia. Mtaa wa kupanga wenye mbwa koko wengi, au majirani wa jalala la Gioto pale Nakuru, hawafiki huko kwa kungoja wenye mbwa waje wenyewe. Timu lazima iwafuate. Kampeni nyingi hupangwa karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895.

## Daftari letu

14. Mimi ndiye mgonjwa. Mbona mnaniuliza habari za mbwa kuliko za kidonda?

Kwa sababu wewe umeshafika. Ninayemwogopea ni yule ambaye hajafika. Mbwa mwenye kichaa haumi mara moja akaenda kulala. Anaweza kupita kijiji kizima asubuhi moja, akamgusa mchunga mbuzi, punda, na mtoto wa shule. Ukitueleza alitoka upande gani na alielekea wapi, tunaweza kuwatafuta hao.

Basi tutakuuliza: mbwa ni wa nani, anaishi wapi, alichokozwa au aliruka tu, yuko hai, amechanjwa, ameuma nani mwingine. Jibu la "alikuwa akila sahani yake nikamkanyaga" ni tofauti kabisa na "nilikuwa nimesimama Kondele nangoja matatu, akatoka kusikojulikana". La kwanza halikuondolei kuoshwa wala chanjo. La pili linatufanya tutoke mbio.

15. Mkishaandika, habari inaenda wapi?

Muuguzi anaandika kwenye daftari na hesabu inaingia kwenye ripoti za kituo. Kisa chenye kutiliwa shaka hakingoji ripoti: anapigiwa simu afisa wa ufuatiliaji wa kaunti ndogo, naye anampigia wa mifugo, ambaye ana mfumo wake wa simu wa kuripoti, KABS. Wa mifugo anakwenda kwa mbwa, wetu wanakwenda kwa watu. Wakirudi wanalinganisha majina. Kwa maneno hivyo ni rahisi; kwa matendo, mara nyingi kinachokosekana ni mafuta ya pikipiki.

Mkakati wa kitaifa wa kumaliza vifo hivi kufikia 2030 ulianza 2014, na Kisumu na Siaya zilikuwa kati ya kaunti za mwanzo. Msingi wake ni huohuo: hospitali na mifugo kusoma daftari moja.

Sasa ile sababu niliyoahidi. Kuna kituo kimoja ambacho kwa wiki nyingi kiliripoti sufuri ya walioumwa. Tulifurahi. Kumbe chanjo ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakigeuzwa langoni bila kuandikwa. Sufuri ile ilikuwa inahesabu chupa za chanjo tu. Ndiyo maana nasisitiza: hata ukikosa sindano, usitoke bila jina lako kuandikwa.

16. Idadi ikipanda ghafla, ina maana kuna mlipuko?

Huenda. Huenda pia ni likizo ya shule na watoto wako njiani, au redio imetangaza na watu wameamka. Idadi peke yake haisemi. Kinachonitoa kitini ni watu watatu kutoka njia moja, wiki moja, wakieleza mbwa anayefanana.

## Mambo yasiyo ya kawaida

17. Amenilamba tu. Au amenikwaruza.

Ngozi nzima ikilambwa: osha, basi. Mkwaruzo bila damu, au kuminywa na meno ngozi ikabaki na alama: osha na uanze chanjo. Ngozi ikipasuka, au mate yakiingia kwenye kidonda, jicho au mdomo: chanjo pamoja na imunoglobulini (tazama 9).

18. Ni paka, punda, tumbili, panya, popo, nyoka...

Paka: chukulia kama mbwa, na siku 10 zinamhusu pia. Punda, ng'ombe, mbuzi: wanaambukizwa na mbwa, wanaweza kuuma, nenda hospitali. Nyani wa kandokando ya mbuga ya Nakuru, tumbili, nguchiro, bweha, fisi: anza chanjo, na usihesabu siku 10, kanuni hiyo haiwahusu wanyama pori. Popo: nenda. Panya wa nyumbani ni nadra sana kuleta ugonjwa huu, ila kidonda chake kinahitaji kuonwa. Nyoka na kuku hawana kichaa cha mbwa, ingawa nyoka ana yake.

19. Ng'ombe wangu anakoroma kama amekwamwa na kitu kooni.

Toa mkono. Wafugaji wa Njoro, Molo na Bahati, hili ni lenu zaidi. Ng'ombe mwenye kichaa hupooza koo, anadondosha mate, anashindwa kumeza, analia kwa sauti iliyopasuka. Mwenyewe anadhani ni kiazi au gunzi la mahindi na anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, na mkono wa mkulima haukosi mchubuko. Mtenge, mwite daktari wa mifugo, na umwambie kama kuna mbwa mgeni aliyepita wiki za nyuma. Kama mkono ulishaingia, rudi nambari 4.

Maziwa yake yamwagwe. Kama mlishayanywa yakiwa yamechemshwa, msihangaike. Joto huua virusi hivi. Nyama ndiyo yenye ubishi, kwa kuwa hakuna anayependa kuzika ng'ombe. Hatari kubwa iko kwa anayechinja na kuchuna, anayeshika kichwa na uti wa mgongo. Asichinjwe.

20. Nimeruka sindano ya tatu.

Nenda leo uendelee ulipoachia. Huanzi upya.

21. Nina mimba. Na mtoto ananyonya.

Chanjo ni salama kwa mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mchanga. Anayeishi na virusi vya ukimwi au anayetumia dawa za kushusha kinga amwambie daktari, kwa sababu huenda akahitaji uangalizi zaidi.

22. Nilimaliza chanjo mwaka jana, nimeumwa tena.

Beba kadi ya zamani. Kwa kawaida utahitaji sindano mbili tu, siku ya 0 na ya 3, bila imunoglobulini. Kama ulimaliza chini ya miezi mitatu iliyopita, kuosha kidonda vizuri huwa kunatosha. Bila kadi utahesabiwa kama mgeni, kwa hiyo itunze pamoja na cheti cha kuzaliwa.

23. Nimegundua mtoto aliumwa, hakusema.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto haelewi kwamba anaficha maradhi, anaficha kiboko. Alikuwa akiiba mapera kwa watu, au alimrushia mbwa mawe. Mwambie mbele ya wenzake kwamba kwa jambo hili hapigwi. Kisha uliza na hao wenzake, maana mara nyingi hakuwa peke yake. Asubuhi mlete, hata kama kidonda kimekauka.

24. Niliumwa miezi sita iliyopita, mbwa hakuonekana tena, na sikudungwa. Nimechelewa?

Maadamu huna dalili, hujachelewa. Kwa sababu ya ule muda mrefu wa nambari 2, chanjo huanzwa hata baada ya miezi, kana kwamba uliumwa jana. Njoo. Muuguzi akikushangaa, mwambie aite afisa wa ufuatiliaji. Na ukae tayari kwa maswali ya nambari 14, maana nitataka kujua ni nani mwingine alikuwa njiani siku ile.